Wakfu za Vyama na Siasa za Nchi Nyingine

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya wakfu za vyama vya siasa vya nchi tajiri, zinazokwenda katika nchi nyingine kusaidia kujenga demokrasia. Jambo hili haliko mbali nasi. Wakfu wa Friedrich Ebert na Wakfu wa Konrad Adenauer, zote mbili za Ujerumani, zina ofisi Dar es Salaam na Nairobi. Kijana anayemaliza shule na kupenda siasa huenda siku moja akapata barua ya kumwalika kwenye semina, nauli na malazi vimekwisha kulipwa. Ni vema amjue anayemwalika.

Kwetu sisi, wakfu ni mali aliyoitoa mtu kwa ajili ya dini au jamii. Wakfu wa Ebert ulianza karibu na maana hiyo. Friedrich Ebert, Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Ujerumani, alifariki mwaka 1925. Wakfu ukaanzishwa mwaka uleule, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuwasomesha vijana wa tabaka la wafanyakazi. Wanazi waliupiga marufuku mwaka 1933, ukafufuliwa baada ya vita. Huo uko upande wa chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia, SPD. Wa Adenauer uko upande wa chama cha Kikristo cha Kidemokrasia, CDU. Wa Friedrich Naumann, ulioanzishwa mwaka 1958, uko upande wa Waliberali.

Siku hizi sehemu kubwa ya fedha zao hutoka katika hazina ya serikali, yaani kodi ya wananchi. Fedha hizo hupewa wakfu za vyama vinavyotawala na za vyama vya upinzani pia. Wajerumani wenyewe wamebishana sana juu ya utaratibu huo. Mwaka 1986 Mahakama yao ya Katiba iliukubali, kwa hoja kwamba wakfu ni chombo kinachojitegemea, wala haukubaliwi kuwa mfuko wa pili wa chama. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba mgawo huo unahitaji sheria maalumu, na kabla mwaka haujaisha bunge likapitisha sheria hiyo.

Ndugu zangu, nitatoa mfano mmoja, wa Ureno.

Nchi hiyo ilikuwa chini ya udikteta tangu mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1926. Wasoshalisti wake wengi walikuwa uhamishoni au wakifanya kazi kwa siri. Mwaka 1964 baadhi yao, Mário Soares akiwamo, waliunda jumuiya yao mjini Geneva. Tarehe 19 Aprili 1973 wajumbe wao wakakutana Bad Münstereifel, mji mdogo wa Ujerumani Magharibi, katika chuo cha Wakfu wa Ebert. Swali lilikuwa moja: je, wakati umefika wa kuigeuza jumuiya yao kuwa chama kamili? Walibishana, kisha wakapiga kura. Ishirini walikubali, saba walikataa. Miongoni mwa waliokataa alikuwamo Maria Barroso, mkewe Soares. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chama cha Kisoshalisti cha Ureno.

Tazameni hapo. Mjerumani alitoa chumba. Hoja, ubishi na kura vilikuwa vya Wareno, hata mke akampinga mumewe mbele ya wenzao. Mkutano ambao mwenye chumba angekuwa ameuandikia uamuzi usingekuwa na kura saba za kukataa.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Aprili 1974, udikteta ukaanguka. Je, uliangushwa na semina? Hapana. Uliangushwa na maofisa wa jeshi la Ureno waliochoshwa na vita vya Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau. Na nani aliyewachosha? Ni wapigania uhuru wa nchi hizo, FRELIMO wakiwamo, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Demokrasia ya Ureno ilipata msaada mkubwa kutoka Afrika, na msaada huo haukulipiwa na wakfu wowote.

Baada ya hapo ndipo fedha na mafunzo ya wakfu vilipoonekana faida yake. Chama cha Kikomunisti kilikuwa kimejipanga kwa miaka mingi na kilikuwa na marafiki katika kambi ya Mashariki. Chama cha Soares kilikuwa kichanga. Wajerumani wakakisaidia kujijenga. Katika uchaguzi wa tarehe 25 Aprili 1975 zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walijitokeza, na chama hicho kikaongoza kwa karibu asilimia 38. Mwaka 1976 Soares akawa Waziri Mkuu.

Lakini hadithi hii ina upande wa pili, na sisi wa pwani hii tusiusahau. Katika miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliiuzia Ureno ndege za kivita aina ya Fiat G.91, na ndege za aina hiyo zilitumika Msumbiji. Nchi ileile iliyompa dikteta ndege ndiyo iliyowapa wapinzani wake chumba. Simlaumu aliyetoa chumba kwa kosa la aliyeuza ndege. Nasema tu kwamba nchi tajiri ina milango mingi, na anayepokea kwenye mlango mmoja aangalie pia kinachotoka kwenye ule mwingine.

Wako watawala wanaotumia hoja hiyo vibaya. Mwaka 2013 mahakama ya Misri iliwahukumu watu 43 waliofanya kazi katika taasisi za kigeni, wa Wakfu wa Adenauer wakiwamo. Mwaka 2018 waliokata rufaa na kusikilizwa upya waliachiwa. Mwaka 2022 Urusi ilifuta usajili wa wakfu za Kijerumani. Mtawala asiyetaka kuulizwa maswali hupenda kusema kwamba maswali yametoka nje. Kwa hiyo anayepokea kwa siri humpa mtawala huyo fimbo ya kumchapia.

Vijana wangu, barua ya mwaliko ikija, jiulizeni mambo matatu. Je, kabla ya barua hii tulikuwa na hoja yetu wenyewe? Je, tukiwa pale tunaweza kupiga kura ya kukataa? Je, tunaweza kuwatangazia wanachama wote nani amelipa, na kiasi gani? Majibu yakiwa ndiyo, nendeni, mkajifunze. Moja likiwa hapana, bakini nyumbani mkamalize kwanza kazi ya nyumbani.

Kazi hiyo huanza na mambo madogo: daftari la wanachama, ada inayolipwa na kila mtu, mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya wote. Chama cha mdahalo cha shule hii kinaweza kufanya hayo yote bila msaada wa mtu. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Chama kisichokusanya ada ya wanachama wake humsikiliza zaidi anayekilipia.