Kusudi la Kanisa la Mahali na Huduma Zake: Mtazamo wa Kibaptisti

Mada kwa semina ya wachungaji, mashemasi na viongozi wa idara

1. Utangulizi



Mada niliyopewa ni pana, nasi tuna muda mfupi kabla ya kwenda kwenye makundi. Nimeijenga juu ya hoja moja: huduma zote za kanisa la Kibaptisti ni za kusanyiko zima, na kila huduma ipimwe kwa swali hili: je, inamlea mtu awe mwanafunzi wa Yesu anayewajibika kwa ndugu zake katika kanisa lake?

Hoja hii inatokana na yale tunayoyaona kila Jumapili wakati wa matangazo. Akina mama wana kongamano Dodoma, wanahitaji nauli. Kwaya inarekodi nyimbo zake, kadi za michango ziko kwa katibu. Vijana wana mkesha Ijumaa. Wanaume bado wanatafuta mabati ya nyumba ya mchungaji. Matangazo yakiisha, nusu saa imekwenda, na mgeni aliyeketi benchi la nyuma ameshajua kanisa linatafuta nini, ila hajasikia linaamini nini. Shughuli hizo zote ni njema. Shida ni kwamba kila idara ina mwenyekiti wake, daftari lake, mfuko wake na sare yake, na hapana mahali zinapokutana kuulizana zinakotupeleka.

2. Kanisa la mahali ni akina nani

Paulo aliliandikia kanisa la Mungu lililoko Korintho (1 Wakorintho 1:2) na makanisa ya Galatia (Wagalatia 1:2). Alilisalimu pia kanisa lililokutana nyumbani kwa Priska na Akila (Warumi 16:3-5). Hayo yalikuwa makusanyiko ya watu wanaofahamiana, walioitwa na Kristo, wenye anwani.

Wabaptisti wa kwanza walitaka kanisa la namna hiyo. Mwaka 1609, mjini Amsterdam, kundi la Waingereza waliokuwa wamekimbia mateso, wakiongozwa na John Smyth, walibatizwa kwa kuikiri imani yao wenyewe. Kwao Uingereza, kila mtoto aliyezaliwa katika parokia alihesabiwa kuwa wa kanisa. Thomas Helwys alirudi London mwaka 1612 na baadhi ya wenzake, wakaanzisha kanisa la kwanza la Kibaptisti katika nchi ile. Mwaka huohuo alitoa kitabu akidai kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za watu, na kwamba hata Mwislamu na Myahudi waachiwe dhamiri zao. Alifungwa katika gereza la Newgate, na kufikia 1616 alikuwa amekwisha kufa. Baadaye makanisa ya Kibaptisti ya London, katika ungamo lao la 1644, yalieleza kwamba ubatizo ni wa waaminio na ni wa kuzamishwa mwili wote.

Historia hiyo inatuhusu. Mtoto wa mchungaji hazaliwi mshirika; naye atatubu, ataamini na atakiri mwenyewe. Jirani Mwislamu wa Ujiji au Tanga havutwi kanisani kwa unga au karo ya mtoto. Tunampa unga kwa sababu ana njaa, na Injili tunamhubiria kwa sababu ni kweli, naye ana uhuru wa kuikataa huku akiendelea kuwa jirani yetu.

3. Kusudi

Katika Mathayo 28:18-20 Bwana ametoa agizo la kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi. Agizo hilo hutimizwa kwa kwenda, kubatiza, na kufundisha watu kuyashika yote aliyoamuru. Shabaha ya mwisho ni utukufu wa Mungu ndani ya kanisa, vizazi vyote (Waefeso 3:21).

Matendo 2:41-47 inatuonyesha agizo hilo likitendeka Yerusalemu. Watu wapatao 3,000 walilipokea neno, wakabatizwa, wakaongezwa. Kisha wakadumu katika mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na maombi. Waliuza mali ili mwenye shida asaidiwe, na Bwana akazidi kuwaongeza waliokuwa wakiokolewa. Mafundisho, ibada, ushirika, rehema na ushuhuda vilikuwa maisha ya watu walewale. Mtu hakuwa wa maombi tu huku mwenzake akiwa wa rehema tu.

4. Huduma za kanisa

4.1 Neno na mafundisho. Mahubiri ya Jumapili ndiyo mlo mkuu wa kusanyiko, lakini hayatoshi. Shule ya Jumapili ya watu wazima imekufa katika makanisa mengi; saa yake imechukuliwa na mazoezi ya kwaya. Waefeso 4:11-16 inasema wachungaji na walimu wametolewa ili watakatifu wakamilishwe kwa kazi ya huduma. Mchungaji anayefanya kila kitu peke yake amewanyang'anya washirika kazi yao.

4.2 Ubatizo na Meza ya Bwana. Sote tunaifahamu siku ya ubatizo mtoni. Shemasi anatangulia kupima kina kwa fimbo, hasa wakati wa masika. Mchungaji anaingia, mbatizwa anafuata, na kanisa linasimama ukingoni likiimba. Mbatizwa anaulizwa imani yake na kujibu kwa sauti, walio ukingoni wakisikia. Wote waliosikia ni mashahidi, na shahidi ana deni. Anayezikwa na kufufuliwa pamoja na Kristo katika maji yale (Warumi 6:3-4) anakabidhiwa kwa ndugu waliosimama pale.

Kwa hiyo darasa la ubatizo lisiwe la kukariri majibu. Lieleze wokovu, maana ya ubatizo, Meza ya Bwana, uwakili, na agano la kanisa, yaani ahadi tunazowekeana. Na kila anayebatizwa apewe mshirika mmoja mzima kiimani wa kutembea naye mwaka mzima. Meza nayo ituhimize kujihoji na kungojana, kama Paulo alivyowaagiza Wakorintho ambao matajiri wao walikula wakashiba huku maskini wakibaki na njaa (1 Wakorintho 11:20-34).

4.3 Malezi na nidhamu. Washirika wetu wanahama sana. Kijana anatoka Tukuyu, anapata kazi Dar es Salaam, anapanga chumba Mbagala. Jina lake limebaki katika daftari la nyumbani, mwili wake unasali popote palipo na spika kubwa, na akianguka hapana wa kumuuliza. Apolo alipokwenda Akaya, ndugu waliwaandikia wanafunzi wa huko wampokee (Matendo 18:27), na Paulo alimtambulisha Fibi kwa Warumi (Warumi 16:1-2). Barua ya ushirika ni uchungaji kamili. Iandikwe, na simu ifuate kuuliza kama imepokelewa.

Nidhamu ina njia yake katika Mathayo 18:15-17: wawili kwanza, kisha mashahidi, mwisho kanisa. Lengo ni kumpata ndugu, na akitubu asamehewe na kufarijiwa (2 Wakorintho 2:6-8). Lakini mara nyingi sisi tunaanzia mwisho. Binti akipata mimba, jina lake linasomwa mbele ya kanisa. Mwanamume aliyehusika anaendelea kuimba besi kwenye kwaya. Nidhamu inayomjua mwenye dhambi dhaifu tu imekwisha kuwa uonevu.

4.4 Huduma ya rehema. Matendo 6:1-7 inaanza na malalamiko: wajane wa Wayahudi waliozungumza Kiyunani walisahaulika katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuyapuuza, wala hawakuliacha Neno. Waliwaambia wanafunzi wachague watu saba wenye sifa njema. Matokeo yake Luka anaandika kwamba neno la Mungu likaenea. Wajane walipohudumiwa kwa haki, mahubiri yalipata nguvu zaidi.

Katika misiba tunajitahidi. Turubai linafungwa, akina mama wanakuja na sufuria zao, maji yanachotwa, kwaya inaimba usiku kucha. Baada ya matanga turubai linafunguliwa, na mjane anabaki na shemeji wanaolitaka shamba. Hapo ndipo shemasi anapohitajika zaidi: kuongozana naye kwenye ofisi ya kijiji au mahakamani, kumsaidia kutunza hati, na kuwapo siku ya kikao cha ukoo. Yakobo 1:27 inazungumzia kuwatazama wajane katika dhiki yao, na dhiki ya mjane mara nyingi huanza wageni wanapoondoka.

4.5 Uinjilisti na umisheni. Kanisa la Antiokia lilifunga, likaomba, likawawekea mikono Barnaba na Sauli, likawaacha waende zao (Matendo 13:1-3). Waliporudi, walilikusanya kanisa na kutoa taarifa (14:27). Wabaptisti wamelifuata jambo hili kwa muda mrefu. George Liele, mtu mweusi aliyetoka utumwani Marekani, alikwenda Jamaika na kuhubiri Kingston katika miaka ya 1780, kabla William Carey hajasafiri kwenda Uhindi mwaka 1793. Afrika Mashariki, wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walianza kazi Kenya na Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1962 seminari ya theolojia ilifunguliwa Arusha. Sisi ni matunda ya makanisa yaliyotoa watu wao. Zamu ya kutuma imetufikia.

Tuanzie kwenye matawi yetu. Yapo matawi ambayo yamebaki matawi miaka na miaka kwa sababu kanisa mama linategemea sadaka zake. Tawi lenye waamini waliobatizwa, viongozi wenye sifa na uwezo wa kujitunza lisimikwe kuwa kanisa kamili. Mama anayekataa mtoto wake kuwa na nyumba yake anajinyima wajukuu.

5. Uongozi, mkutano wa kanisa na fedha

Agano Jipya linatuonyesha ofisi mbili, wachungaji na mashemasi (Wafilipi 1:1, 1 Timotheo 3:1-13). Katika Matendo 20:17 na 28 watu walewale wanaitwa wazee na waangalizi, nao wanaagizwa kulichunga kundi. Siku hizi majina makubwa yanapendwa, na mabango barabarani yanashindana kwa vyeo. Petro aliwaonya wazee wasijifanye mabwana juu ya kundi (1 Petro 5:1-4). Mchungaji wa Kibaptisti huongoza kwa Neno na kwa kielelezo, naye pia ni mshirika wa kanisa analolichunga.

Chini ya Kristo, maamuzi makuu ya kanisa hufanywa na mkutano wa kanisa. Kule Yerusalemu kusanyiko lote lilishiriki kuchagua wale saba (Matendo 6:5), na kanisa zima lilikubaliana na uamuzi wa kutuma wajumbe Antiokia (15:22). Mkutano unaoitishwa ghafla baada ya ibada, bila ajenda, huku nusu ya watu wakiwa mlangoni, haujafanyika. Ajenda itangazwe mapema, kumbukumbu za mkutano uliopita zisomwe, na mama mzee asiyejua kusoma apewe nafasi ya kusema sawa na mwenye shahada. Kila kanisa linajitawala, lakini halijitoshelezi. Makanisa ya Makedonia na Akaya yaliwachangia watakatifu wa Yerusalemu (Warumi 15:26), nayo jumuiya za makanisa yetu zipo kwa ajili ya kazi kama hiyo.

Kuhusu fedha, Paulo hakukubali kusafirisha mchango peke yake. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za watu pia (2 Wakorintho 8:19-21). Sadaka zihesabiwe na watu wasiopungua wawili siku ileile, wasiwe wa nyumba moja, wote watie sahihi, na mweka hazina azipeleke benki. Fedha za M-Pesa ziingie katika namba ya kanisa. Namba ya mchungaji isitumike, hata awe mwaminifu kiasi gani. Utaratibu huo unamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila idara ilete mpango wake wa mwaka mbele ya mkutano wa kanisa, na ieleze kwa sentensi moja jinsi unavyowafanya watu kuwa wanafunzi. Isiyoweza kueleza isimamishwe hadi iweze.

Pili, mifuko ya idara iingizwe katika bajeti moja ya kanisa, na taarifa isomwe kila robo mwaka.

Tatu, daftari la washirika lihakikiwe kwa kutembelea nyumba kwa nyumba, ili waliohama waandikiwe barua na waliopotea watafutwe.

Nne, matangazo ya Jumapili yasizidi dakika 5, na michango yote ya idara ipitie kamati ya fedha.

7. Maswali ya majadiliano katika makundi

a) Ukiangalia bajeti ya kanisa lako ya mwaka jana, ni sehemu gani ilitumika kufundisha, kusaidia wahitaji na kuhubiri nje, na ni sehemu gani ilitumika kwa sare, majengo na sherehe?

b) Kati ya waliobatizwa miaka miwili iliyopita, ni wangapi bado wapo, na nani anajua waliko wengine?

c) Ni huduma gani katika kanisa lako ingekufa kama kiongozi wake angehama kesho? Nani anaandaliwa kumrithi?

d) Ni tawi gani lililo tayari kusimikwa kuwa kanisa, na ni nani kati yetu aliyeketi hapa anayelizuia?

Naomba kila kundi lirudi na azimio moja kwa kila swali, likiwa na jina la mtu wa kulitekeleza na tarehe ya kutoa taarifa mbele ya mkutano wa kanisa lake.