Mbio Tunazo, Tujifunze Maji

(Hotuba iliyosomwa Moshono, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya michezo, na nashukuru kwa heshima hiyo. Mimi si mwalimu wa michezo. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni ya mafaili na mikutano. Lakini nilipokuwa hapa nilikimbia, na mpaka leo nazitazama mbio kwa jicho la mtu aliyewahi kuzikimbia. Tena leo mchana tutapiga kura juu ya fedha za mfuko wetu, na ninalo neno juu ya kura hiyo.

Mbele yetu yapo mapendekezo mawili. La kwanza ni kuanzisha mbio za barabarani za kilomita 21 kila mwaka, ambazo wanafunzi watashindania zawadi za fedha taslimu. La pili ni kulipia mafunzo ya kuogelea na kununua baiskeli chache, ili wakimbiaji wetu wadogo waandaliwe kwa mchezo wa triathloni ya vijana. Pendekezo hili la pili limechekwa kidogo barazani. Mimi naliunga mkono, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kucheka tena.

Hapana haja ya kumweleza mtu wa Moshono kwamba kijana wa huku anaweza kukimbia. Jiji la Arusha liko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Meru unaotutazama kila asubuhi una mita 4,566. Hewa ya mwinuko ni nyepesi kuliko ya pwani, na mwili uliokulia humo hujifunza kuitumia vizuri. Isitoshe, mtoto wa huku hupanda na kushuka vilima kila siku, awe anakwenda shule, kuteka maji au kuchunga.

Historia nayo inatushuhudia. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, kijana wa Karatu mwenye umri wa miaka 20, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. John Walker wa New Zealand, aliyemfuata, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Mwaka 1980 mjini Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024 ilipomalizika, hizo mbili ndizo zilizokuwa medali pekee za Tanzania katika Olimpiki. Kisha Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde.

Naomba mwangalie umri wa mashujaa hawa. Bayi aliweka rekodi akiwa na miaka 20, lakini ilikuwa mbio ya mita 1,500. Simbu alipopata dhahabu ya marathoni alikuwa na miaka 33. Kabla ya hapo alikuwa wa tano Rio de Janeiro mwaka 2016, na wa tatu katika ubingwa wa dunia mjini London mwaka 2017. Mbio ndefu za barabarani ni kazi ya mtu mzima, na huiva polepole. Ndiyo maana kanuni za riadha ya dunia hazimruhusu kijana kukimbia marathoni katika mashindano makubwa kabla ya mwaka anaotimiza miaka 20.

Sasa sisi tunafanyaje? Darasani kwetu alikuwapo mwenzetu mmoja, ambaye watu wa rika langu wanamkumbuka bila mimi kumtaja jina. Kidato cha tatu alikuwa akitupita sote kwa mzunguko mzima wa uwanja. Akatokea mtu, akawa anampeleka kwenye mbio za barabarani kila mwisho wa juma, leo kilomita 10, juma lijalo 21. Bahasha zilikuja, na nyumbani kwao zilihitajiwa sana, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema neno. Masomo yakaachwa. Alipofika miaka 20, mfupa wa muundi ulikuwa umeingia ufa mara mbili, na yule aliyekuwa akimpeleka alikuwa amekwisha kupata kijana mwingine. Katika safari zangu za kikazi nimewakuta vijana wa namna yake katika wilaya nyingi. Walikuwa hodari wa UMISSETA, na leo ukiwauliza habari za mbio wanainamisha kichwa. Wazee walisema kweli kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Jambo hili lina sababu zake. Mkimbiaji anapokanyaga chini, mguu hupokea uzito unaozidi mara mbili ya uzito wa mwili wake, na hupokea hivyo maelfu ya mara katika mbio moja. Mifupa ya kijana bado inakua, na sehemu zake zinazokua ni laini kuliko mfupa uliokomaa. Mweke juu ya lami kila juma kwa ajili ya zawadi, nawe utapata zawadi hiyo kwa kuuza miguu yake. Kwa sababu hiyo siwezi kuunga mkono pendekezo la kwanza, ingawa waliolileta ni ndugu zangu na nia yao ni njema.

Ama kuhusu triathloni, yafaa nieleze, maana wengine hapa wamelisikia neno hilo leo. Ni mchezo wa kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio, bila mapumziko katikati. Saa haisimami hata mtu anapovaa viatu. Ulianza San Diego, Marekani, Septemba 1974, mwaka ule ule wa rekodi ya Bayi. Uliingia katika Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000, na katika Olimpiki ya Vijana mjini Singapore mwaka 2010. Watu wazima huogelea mita 1,500, huendesha kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Vijana wa miaka 16 hadi 19 hufanya nusu ya hayo: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Mnaona kwamba mbio zao ni kilomita 5, si 21.

Wakimbiaji hufanya vizuri sana katika mchezo huu. Alistair Brownlee wa Uingereza alikulia Yorkshire akikimbia nyika na vilima, akawa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2006, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 2012 na tena mwaka 2016. Beth Potter wa Scotland alikimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Rio. Baadaye akahamia triathloni, akawa bingwa wa dunia mwaka 2023 na wa tatu mjini Paris mwaka 2024. Alex Yee, aliyeshinda dhahabu ya wanaume huko Paris, alikuwa amekwisha kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 28. Wote hao ni wakimbiaji hasa. Lakini wote walijua maji.

Hapo ndipo penye kizuizi chetu. Katika mashindano ya vijana, waendesha baiskeli huruhusiwa kwenda kwa kundi, mmoja nyuma ya mwenzake, na aliye mbele huwavunjia wengine upepo. Anayetoka majini amechelewa dakika 2 hulikosa kundi. Hubaki peke yake na upepo wake, na akifika kwenye mbio, miguu imekwisha. Kijana wetu angeweza kuwa mkimbiaji bora kuliko wote na bado akashindwa kabla ya kuvaa viatu. Wala nguvu za moyo hazimsaidii, kwani maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800, na asiyejua kulaza mwili hupigana nayo mpaka achoke. Ufundi huo hujifunzwa vizuri zaidi utotoni. Samaki mkunje angali mbichi.

Mzee mmoja aliniambia jana, "Mwanangu, sisi ni watu wa mlima. Maji tunayoyajua ni ya mfereji wa kumwagilia migomba." Nilimjibu, "Shikamoo baba, ni kweli, lakini maji hayaulizi mtu kabila lake." Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Hapa hapa Arusha, Aprili 2024, gari la shule lilisombwa na mafuriko korongoni, na watoto wetu wakapoteza maisha. Sisemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wale. Maji ya mafuriko humshinda hata mtu mzima. Nasema tu kwamba tunaishi na makorongo, mito na mabwawa, na bado tunawalea watoto wetu katika kuyaogopa maji bila kuwafundisha. Mwanafunzi tutakayemfundisha kuogelea, hata kama hatashinda kikombe chochote maishani, atakuwa amepata kitu.

Faida nyingine ni ya miguu. Kuogelea na baiskeli hufanyisha moyo na mapafu kazi kubwa bila kuigonga mifupa chini. Kijana anayekimbia siku 3 kwa juma, akaogelea 2 na kuendesha 1, huongeza pumzi huku miguu yake ikipumzika. Akifika miaka 20 anaweza kuchagua mwenyewe: aendelee na triathloni, au arudi kwenye mbio akiwa mzima. Hata tusipompata mtu wa triathloni, tutakuwa tumemtunza mtu wa marathoni.

Najua mtaniuliza habari ya gharama. Bwawa hatuna. Lakini mjini yapo mabwawa ya hoteli na ya shule nyingine, nasi tunaweza kuomba kukodi saa chache kwa juma. Baiskeli za mashindano ni ghali mno, wala sizitaki kwa sasa. Tunaweza kuanza na mashindano ya kuogelea na kukimbia peke yake, ambayo nayo ni mchezo unaotambuliwa duniani. Baiskeli za kawaida chache zitatosha kwa mafunzo, kwenye njia za vumbi, mbali na malori ya barabara ya mchepuo. Fedha zilizotengwa kwa zawadi za mbio zingeweza kuanzisha kazi hiyo.

Ninapendekeza masharti matatu. Kwanza, mwanafunzi yeyote asiingie majini bila mwalimu wa kuogelea kuwapo. Ziwa Duluti ni zuri kulitazama, lakini si mahali pa kwenda kujaribu peke yenu siku ya Jumamosi. Pili, mafunzo yafanyike katika muda wa michezo, yasile muda wa masomo, na atakayeacha darasa asiendelee kupewa nafasi. Suleiman Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso katika miaka ile ile aliyotamba. Bayi naye, baada ya mbio, alianzisha shule. Tatu, pale ambapo shule ina wasichana, nao wapewe nafasi ile ile. Magdalena Shauri alipokuwa wa tatu mjini Berlin mwaka 2023, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, alivunja rekodi ya taifa ya wanawake.

Wadogo zangu mnaosoma hapa, nina neno moja kwenu. Atakuja mtu, pengine amekwisha kuja, akuambie kwamba una miguu ya dhahabu na kwamba shule inakuchelewesha. Mwulize maswali mawili: atanilipia nani matibabu nikiumia, na cheti changu cha kidato cha nne nitakipata lini? Akikosa jibu, mwambie ahsante, urudi darasani. Miguu yako haitakimbia ikuache. Simbu alingoja mpaka miaka 33.

Ndugu zangu wa zamani, mbio za kilomita 21 zitatupatia siku moja ya shangwe kila mwaka, picha gazetini, na kijana mmoja mwenye bahasha. Mafunzo ya kuogelea yatachukua miaka mingi, na huenda wengi wetu tusione kikombe. Lakini ninyi mlionilea hapa hamkunipa kikombe. Mlinipa chakula cha mchana, daftari, na mtu wa kuniuliza kwa nini sikufika darasani jana. Nawaomba tuwape hawa malezi ya namna hiyo, na juu yake tuwaongezee maji.

Kura ni yenu.