MUHURI NA MUKUBA: NAMNA SARAFU INAVYOTENGENEZWA

(Maneno ya karani mmoja wa mgodi mbele ya watu wa Makomeno)



Wengi wetu tumeishi na mukuba tangu utoto: mwingine shimoni, mwingine kwenye tanuru, mimi kwenye daftari. Lakini ukimwuliza kijana wa hapa sarafu inatengenezwa namna gani, atakujibu: wanayeyusha mukuba na kuumimina katika kalibu. Sivyo. Sarafu haimiminwi, inagongwa. Nataka tuelewe tofauti hiyo vizuri, maana ndani yake mna feza nyingi.

Kumimina ilikuwa kazi ya wazee wa inchi hii, wale walioitwa walaji wa mukuba. Waliyeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto, wakapata ile misalaba ya mukuba. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu waliikuta imezikwa pamoja na wenyewe. Msalaba ule haukuwa na sura ya mfalme wala herufi. Thamani yake ilikuwa mukuba wenyewe. Aliyeushika mkononi aliona yote aliyopewa.

Sarafu ni kitu kingine. Sikilizeni kwa utaratibu.

Kwanza, mukuba unachanganywa na bati au zinki, unapitishwa katikati ya magurudumu mazito mpaka uwe bamba. Mashini inakata bamba kuwa visahani. Visahani vinachomwa motoni ili vilainike, vinaoshwa, kisha ukingo wao unainuliwa kidogo.

Pili, kuna muhuri. Mmeona muhuri wa mpira kwenye meza ya karani: herufi zake zimegeuka, ili zikipigwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Muhuri wa sarafu ni hivyo hivyo, lakini ni wa chuma cha pua, na picha yake imezama ndani. Kwanza wanatengeneza muhuri mama, ambao picha yake imeinuka. Unakandamizwa juu ya chuma kilicholainishwa, na picha inazama humo. Baadaye chuma kile kinatiwa moto na kupozwa ghafula ili kiwe kigumu. Muhuri mama mmoja huzaa mihuri mingi, yote yenye sura moja.

Tatu, mashini. Kisahani kinakaa ndani ya pete ya chuma. Chini yake kuna muhuri mmoja, na wa pili unashuka kutoka juu kwa nguvu ya makumi ya tani. Kisahani ni baridi, hakiyeyuki. Hata hivyo mukuba unatiririka kama udongo mikononi mwa mfinyanzi, unajaza kila shimo la picha. Pete inauzuia usitawanyike. Pigo moja tu, na pande zote mbili zimekwisha. Zamani watu walizungusha parafujo kubwa kwa mikono. Mashini za leo zinagonga sarafu zaidi ya 700 kwa dakika moja.

Muhuri nao unachoka. Ukipata ufa, mukuba unaingia katika ufa ule, na kila sarafu inatoka na mstari ulioinuka. Ndiyo maana mihuri inahesabiwa, inafungiwa, na ikichakaa inaharibiwa. Mwizi wa sarafu moja ameiba sarafu moja. Mwizi wa muhuri ameiba hazina.

Haya si mambo ya Ulaya tu. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wadachi wa Tanganyika walizuiwa baharini na manowari za Waingereza, na sarafu hazikuweza kufika kutoka kwao. Basi walizigonga wenyewe katika karakana ya reli, Lulanguru karibu na Tabora. Walitoa heller 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo na herufi T. Mihuri yao ilichakaa, ikabidi kuchonga mingine. Ndiyo maana heller zile zina taji kubwa na taji dogo. Tarehe 19 Septemba mwaka ule, askari wa Kongo wa Force Publique waliingia Tabora.

Sasa turudi hapa kwetu. Mwaka 1961 serikali ya Katanga ilitoa sarafu za bronzi za falanga 1 na falanga 5. Zilikuwa na picha ya ndizi na ya ule msalaba wa wazee. Wandugu, tupige hesabu. Falanga 5 ile ilikuwa na uzito kama gramu 6 na nusu. Kilo moja ya bronzi ilitoa sarafu zaidi ya 150, yaani zaidi ya falanga 750. Lakini kilo moja ya mukuba sokoni mwaka ule haikufika falanga 50. Nani alichukua tofauti? Si mchimbaji, si mwenye tanuru. Aliichukua mwenye muhuri. Januari 1963 Katanga ile ilikwisha. Mukuba wa sarafu haukupungua hata gramu, lakini aliyeahidi hayupo tena. Msalaba wa babu ulikuwa na thamani yake ndani. Sarafu ina thamani ya neno la aliyeigonga.

Tangu falanga ya sasa ilipoanza mwaka 1998, tunalipwa karatasi. Lakini najua masanduku ya wazee yana sarafu za zamani, na wanunuzi wanapita nyumba kwa nyumba wakizipima kwa kilo kama vyuma vibovu. Msiuze hivyo. Angalieni kwanza. Sarafu ya kweli ina herufi kali na uso laini. Ya bandia iliyomiminwa ina vitundu vidogo, herufi zake zimefifia, na mara nyingi ukingoni kuna mshono wa kalibu.

Na ninyi vijana wa shule ya ufundi, msijifunze kuchimba na kuyeyusha tu. Jifunzeni pia kuchonga na kukaza chuma cha pua. Mukuba wetu unaondoka kwa tani, na anayeugonga muhuri ndiye anayeweka bei.