Nani Apimwe Macho Nyumbani?

Leo tuzungumze juu ya kupimwa macho bila malipo, pale pale nyumbani.

Je, nani anastahili? Wengine hudhani ni lazima uwe na barua ya chifu. La. Mhudumu wa afya ya jamii anapokutembelea, hakudai pesa. Katika baadhi ya kaunti wahudumu hawa wamefunzwa kupima macho kwa kutumia simu. Akibisha hodi, mtajie watu hawa.

Kwanza, nyanya au babu asiyeweza kufika kituoni. Usiseme, "Ni uzee tu." Ukiona weupe ndani ya mboni, huenda ni mtoto wa jicho, ambao ndio chanzo kikubwa cha upofu nchini Kenya. Hauna dawa ya matone wala ya miti shamba. Hutibiwa kwa upasuaji, ambao kwa kawaida hauchukui hata saa moja.

Pili, mtu mwenye ulemavu au mgonjwa wa kitandani.

Tatu, mwenye ugonjwa wa sukari, hata kama anaona vizuri. Sukari huharibu macho polepole bila maumivu. Vivyo hivyo, mtu ambaye mzazi au ndugu yake ana presha ya macho. Uono uliopotea kwa presha hiyo haurudi.

Nne, mtoto mwenye makengeza, au anayesogeza kitabu karibu sana na uso.

Lakini mama, kuna watoto wasiongoja mhudumu. Mtoto mwenye mboni nyeupe huenda ana saratani ya jicho. Mtoto mchanga anayetokwa na usaha machoni anaweza kupofuka upesi. Wapeleke hospitali leo hii. Usiwatie maziwa ya mama machoni.

Je, mhudumu hajafika? Simama hatua tatu kubwa kutoka kwa nyanya. Mwambie afunike jicho moja, umwonyeshe vidole, avihesabu. Kisha jicho la pili. Akishindwa hata kwa jicho moja, mpigie mhudumu au ulizia kituoni siku ya kliniki ya macho. Akiweza kuhesabu lakini analalamika, bado apimwe.

Kumbuka, kupimwa nyumbani ni mwanzo tu. Ukipewa barua ya kwenda hospitali, usiiweke chini ya godoro. Uliza gharama mapema, na mtafute wa kumsindikiza mzee.