Wale wa Siloamu na Sisi wa Mlima Elgon

 

Wapendwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo, nawasalimu nyote katika sikukuu hii ya ushirika wetu. Wazee wameniomba niseme niliyokutana nayo safarini, maana mwinjilisti anayesafiri peke yake huongea na yeyote aliyeketi kando yake. Mimi nitasema jambo moja tu. Kutoka Jinja hadi Mbale, watu waliniuliza swali lile lile: "Mtumishi, hii mvua inayoua watu, ni hasira ya Mungu?"

Jinja nilikaa siku mbili. Mama mmoja muuza samaki kule Masese alinionyesha mahali maji yalipofika mwaka 2020. Mnakumbuka, mwaka ule Ziwa Victoria lilipanda, likatoa watu majumbani Uganda, Kenya na Tanzania. Hapo Jinja, mwezi wa nne, kisiwa cha majani kilichong'oka kilielea mpaka kwenye bwawa la Nalubaale, kikaziba mitambo, giza likaingia nchini. Yule mama akaniambia, "Pasta, ziwa halikuchagua. Liliingia kwa mlevi, likaingia kwa mlokole."

Siku ya tatu nikapanda teksi ya Mbale. Tulipopita Iganga tukaacha barabara kuu, tukashika ile ya Tirinyi. Mle ndani mzee mmoja alikuwa akisema kwamba zamani watu walimcha Mungu na mlima ulitulia. Kijana nyuma yake akamjibu, "Mzee wangu, samahani, Mungu si ndiye aliyekata miti." Basi wakaanza kubishana, halafu wote wakanigeukia mimi mwenye Biblia.

Niliwapeleka Luka 13. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18. Yesu akauliza, je, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Halafu akawageukia waliokuwa wanamsikiliza: ninyi mlio hai, tubuni. Hebu mliangalie neno hili vizuri. Wafu hakuwahukumu. Toba aliwadai walio hai.

Wapendwa, sisi tuna Siloamu nyingi. Bududa, tarehe 1 Machi 2010, mlima ulifunika kijiji cha Nametsi. Mwezi wa kumi 2018 wilaya ile ile ikalia tena, safari hii upande wa Bukalasi. Mbale mjini, usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, zaidi ya watu 20 wakafa. Mei 2023 ni Kalehe, Kivu Kusini, watu zaidi ya 400. Desemba mwaka huo ni Katesh, kwa ndugu zetu wa Hanang. Aprili 2024 ni Mai Mahiu, Kenya. Tarehe 27 Novemba 2024 ni Bulambuli, juu kidogo ya Mbale. Sasa niambieni, ni nchi gani kati ya zetu itasema dhambi iko ng'ambo ya mpaka?

Mbale nilipelekwa kwa mama mmoja anayekaa karibu na Nabuyonga. Yale maji ya 2022 yalimchukulia mtoto. Aliniambia hivi: "Baada ya mazishi walikuja wahubiri wawili. Wakaniambia nichunguze nyumba yangu, ati kuna mlango niliomfungulia shetani. Jioni akaja jirani yangu Mwislamu na blanketi na posho. Hakuuliza kitu. Alikaa tu na mimi." Kisha akaniuliza, "Mtumishi, kati ya hao nani alitumwa na Mungu?"

Nyinyi wahubiri wenzangu mlioketi hapa mbele, jibu mnalijua. Msamaria Mwema hatumsomi ili tumsifu kwenye mimbari halafu tumpite aliyeanguka.

Tena someni mbele kidogo katika ile Luka 13. Baada ya Siloamu unakuja mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, na hasemi atakaa akingoja. Anasema atachimba na kutia mbolea. Toba ya kweli inashika jembe!

Kule Elgon watu ni wengi na ardhi ni finyu. Miti iliyoshika udongo imekatwa ili watu walime, na mvua ikizidi, udongo unateremka. Serikali imehamishia wengine Bunambutye, lakini wapo waliorudi mlimani, maana shamba la baba na makaburi ya wazee yako kule. Tusiwacheke. Tuwasaidie kabla ya mvua.

Kwa hiyo naomba ushirika wetu mambo manne. Kwanza, kila kanisa liwe na blanketi na chakula cha akiba, visingoje mchango wa siku ya msiba. Pili, kila mchungaji ajue ni nani katika washirika wake anakaa mtoni au chini ya mteremko, na simu yake anayo. Mvua ikianza usiku, apigiwe. Tatu, tupande miti kwenye viwanja vyetu vyote, na pasijengwe kanisa lolote ukingoni mwa mto hata kama kiwanja ni cha bure. Nne, mbele ya aliyefiwa, midomo yetu isitafute dhambi yake.

Mlima Elgon ni mmoja, Kenya unao na Uganda inao. Mmasaba na Mbukusu ni ndugu. Ikinyesha juu, mto hauulizi kitambulisho Malaba wala Busia. Upendo wetu nao usiulize.

Mwaka mmoja ule wa mtini tumepewa. Tukachimbe. Bwana awabariki. Amina.