Sheria Ivuke Maji Ifike Fundo

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kazi ya mwanasheria, nasi twayaelekeza hasa kwa ndugu zetu wa Fundo, kisiwa kidogo kilichoko magharibi ya Pemba, mkabala wa Wete.

Watu wengi hudhani kwamba mwanasheria ana kazi moja tu, yaani kusimama mahakamani kumtetea aliyemlipa. Kazi hiyo ni halali, na aifanyaye kwa uaminifu astahili ujira wake. Lakini na tufikiri. Tuseme mwanamke wa Fundo amefiwa na mumewe, na mikarafuu ya urithi imeshikwa na jamaa za marehemu. Yeye na wanawe wana fungu lao, ila hajui aanzie wapi. Kwenda Wete ni lazima avuke bahari na kulipa nauli, kisha arudi tena siku atakayoambiwa. Fedha ya wakili ataipata wapi? Ndipo watu husema, mnyonge hana haki. Kumbe haki anayo. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha njia.

Mmoja wa walioliona jambo hili ni marehemu Profesa Haroub Othman, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942. Alisomea sheria Moscow, akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho ni chuo cha umma. Kwa elimu ile angaliweza kuwahudumia wenye mali peke yao. Badala yake, mwaka 1992 alianzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kisichotafuta faida, ili wasio na uwezo wapate shauri bila ya malipo. Alifariki mwezi wa Juni 2009, lakini kazi ile haikuzikwa pamoja naye.

Kituo hicho hufundisha wasaidizi wa sheria, Unguja na Pemba. Msaidizi wa sheria si wakili, wala hatetei kesi mahakamani. Ni mwenyeji wa mahali, aliyefunzwa misingi ya sheria akakaa na watu wake. Akijiwa na mjane kama yule, humweleza kwamba mirathi ya Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, na humsaidia kuweka tayari cheti cha ndoa na cha kifo. Jambo likiwa zito, humpeleka kwa wanaojua zaidi. Hivyo mtu huvuka maji akijua aendako na aendalo.

Mwaka 2018 Zanzibar ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 13. Basi lililoanza kwa ihsani ya watu wachache limeingia katika sheria za nchi.

Enyi wanafunzi, mkijaliwa kusoma sheria, fanyeni uwakili, itumikieni nchi, lakini wekeni fungu la kazi yenu kwa asiyeweza kulipa. Nanyi wazee wetu, tunzeni vyeti vyenu mahali pakavu, na ulizeni mapema, kabla ugomvi haujaota mizizi. Haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama jahazi lililofungwa pwani: lipo, lakini halimfikishi mtu.