Umeme wa Upepo: Gharama Huanza Baada ya Sherehe



Mtambo wa upepo haununui mafuta. Hilo husifiwa sana siku ya ufunguzi. Lisilotajwa ni kwamba, ngoma zikisha nyamaza, matengenezo ndiyo mzigo utakaobebwa miaka yote ya uhai wake.

Yatazamwe mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana, huko Marsabit nchini Kenya, yaliyofunguliwa rasmi mwezi Julai, 2019. Iko mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850. Ili kuifikisha huko, ilibidi barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis itengenezwe kwanza. Kipuri kisipokuwemo bohari hakiazimwi kwa jirani. Na kreni ya kuteremsha sanduku la gia huweza kugharimu kuliko beringi iliyosababisha iitwe.

Wako wasemao mtambo uachwe mpaka uvunjike. Huo ni uvivu uliovikwa joho la kubana matumizi. Wengine hushika kalenda, wakabadili kibovu na kizima kwa tarehe moja. Nao hutupa fedha za kigeni jalalani. Iliyo bora ni kuusikiliza mtambo wenyewe. Mafuta ya gia yakipimwa na kukutwa na chembe nyingi za chuma, au mtetemo ukibadilika, au joto likipanda pasipo sababu, habari imekwisha tolewa kabla ya ajali. Hapo kipuri huweza kuagizwa kwa meli badala ya ndege, na kreni ikaitwa mara moja kwa mitambo minne.

Hata hivyo, si kila hitilafu ya kukimbiliwa. Mmoja katika 365 ukisimama, hasara haifiki theluthi moja ya asilimia. Transfoma ya kituo kikuu ikiungua, huenda shamba zima likanyamaza. Na kule Mwenga, wilayani Mufindi, penye mitambo mitatu tu, mmoja ukilala, theluthi nzima ya umeme imelala. Mpango wa Turkana hauwezi kunakiliwa Mufindi, hata ukipigwa mihuri.

Saa nazo zina bei. Kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu yake huwa mara nane. Turkana upepo huvuma kwa ukali usiku na asubuhi, ukapungua alasiri. Fundi apandaye mnara saa tisa mchana hupoteza umeme mchache, tena kwa usalama zaidi, kuliko apandaye saa mbili asubuhi. Lakini ratiba mara nyingi huandikwa na mtu asiyepata kukanyaga hata kidato cha kwanza cha ngazi hiyo. Fundi na aulizwe kabla karatasi haijapigwa chapa.